Sproketi za Pikipiki: Kupunguza Jino Mbele, Kuongeza Meno Nyuma, au Kuziacha Kama Zilivyo?

Mwenye pikipiki anayetaka kubadilisha mwenendo wa chombo chake bila kufungua injini mara nyingi huanzia kwenye sproketi, yaani magurudumu mawili yenye meno yanayounganishwa na cheni, kwa sababu ni vipuri viwili tu, kazi yake haichukui muda mrefu, na matokeo yake huhisiwa mara tu klachi inapoachiwa. Ushauri anaopewa karibu kila mahali ni kwamba ukipunguza jino moja mbele unapata nguvu, na ukiongeza jino moja mbele unapata mbio. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ni kweli, lakini ina masharti yake. Nusu ya pili, kwa pikipiki nyingi zenye injini ndogo, haina ukweli, na imewafanya watu wengi wanunue kipuri ambacho kiliwapunguzia kile walichokuwa wakikitafuta. Hapa ninalinganisha mipangilio minne kwa kutumia pikipiki moja ya mfano, ili msomaji aone kila mmoja unaongeza nini na unapunguza nini kabla hajashika spana.

Kinachotokea kati ya injini na tairi

Mizunguko ya injini hupunguzwa mara tatu kabla ya kufika kwenye gurudumu la nyuma: kwanza kati ya krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na klachi, kisha ndani ya giaboksi kulingana na gia iliyowekwa, na mwisho kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Hatua mbili za kwanza zimefungiwa ndani ya injini na hazibadilishwi kirahisi, lakini ya tatu iko nje, na uwiano wake hupatikana kwa kugawanya meno ya nyuma kwa meno ya mbele. Sproketi yenye meno 15 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 2.80, yaani ile ya mbele huzunguka mara 2.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano ukipanda, pikipiki inakuwa nyepesi kuondoka na injini inazunguka zaidi kwa kasi ileile. Uwiano ukishuka, pikipiki inakuwa nzito kuondoka na injini inatulia.

Tuchukue pikipiki ya mfano yenye silinda moja na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 150. Punguzo la kwanza ni 3.35, gia ya tano ambayo ndiyo ya mwisho ni 0.95, gia ya kwanza ni 2.80, na tairi la nyuma husogea mita 1.90 kwa kila mzunguko. Injini hiyo inatoa torki yake kubwa (yaani nguvu ya kuzungusha), niutoni-mita 12, karibu na mizunguko 6,500 kwa dakika, na nguvu yake ya juu kabisa karibu na mizunguko 8,000. Ikiwa na sproketi za kiwandani za 15/42, punguzo lote katika gia ya tano ni 3.35 × 0.95 × 2.80, sawa na 8.91, na kwa hiyo kila mizunguko 1,000 ya injini huipa pikipiki mwendo wa takriban kilomita 12.8 kwa saa. Mipangilio mingine inatoka katika hesabu hiyohiyo:

| Mpangilio | Uwiano | Mizunguko kwa km 60 kwa saa | Mizunguko kwa km 80 kwa saa | Kasi (km kwa saa) kwa mizunguko 8,000 |
|---|---|---|---|---|
| 15/42 | 2.80 | 4,690 | 6,250 | 102.3 |
| 14/42 | 3.00 | 5,030 | 6,700 | 95.5 |
| 15/45 | 3.00 | 5,030 | 6,700 | 95.5 |
| 16/42 | 2.625 | 4,400 | 5,860 | 109.2 |

Msomaji asiyejua mapunguzo ya ndani ya injini yake hana haja ya kuyatafuta. Akisoma kwenye kipima mizunguko kwamba injini yake huzunguka, kwa mfano, mara 5,500 katika kasi fulani, azidishe namba hiyo kwa uwiano mpya kisha agawanye kwa uwiano wa zamani, naye atapata mizunguko atakayoiona katika kasi ileile baada ya kubadilisha. Ni hesabu ya dakika moja, na inafaa kufanywa kabla ya kununua chochote.

Jambo moja lisisahaulike katika kusoma jedwali hilo: mabadiliko ya sproketi hugusa gia zote kwa asilimia ileile. Ikiwa kero yako ni kwamba injini hulegea kila unapotoka gia ya tatu kwenda ya nne, pengo hilo limo ndani ya giaboksi, na sproketi hazitaliziba. Zitabadilisha tu kasi ambayo utakutana nalo.

Jino moja pungufu mbele: 14/42

Uwiano unapotoka 2.80 kwenda 3.00, nguvu ya kusukuma kwenye tairi huongezeka kwa asilimia 7.1 katika kila gia. Katika gia ya kwanza, torki ile ya niutoni-mita 12 ikiwa kamili, msukumo hupanda kutoka karibu niutoni 1,040 hadi 1,115, tusipohesabu kinachopotea njiani. Asilimia saba inaonekana kuwa kidogo, na mtu anaweza kujiuliza kwa nini tofauti yake huhisiwa waziwazi hivyo kwenye mlima. Jibu liko katika kile kinachobaki baada ya mlima kuchukua sehemu yake.

Fikiria pikipiki hiyo, pamoja na dereva na mzigo, ikiwa na uzito wa kilo 230, na inapanda mlima wenye mwinuko wa asilimia 10 ikiwa katika gia ya tano. Mlima peke yake unadai karibu niutoni 225. Sproketi za kiwandani zinaupa tairi msukumo wa karibu niutoni 354, kwa hiyo zinazobaki kwa ajili ya upepo, msuguano wa tairi na kuongeza mwendo ni 129. Kwa 14/42 msukumo ni 379, na zinazobaki ni 154. Yaani asilimia saba ya msukumo imegeuka kuwa karibu asilimia 19 ya akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoamua kama utapanda bila kubadilisha gia au utasikia injini ikizama hadi ushuke kwenye ya nne. Kwa 16/42 akiba hiyo hushuka hadi karibu niutoni 106. Kadiri mzigo na mwinuko vinavyozidi, ndivyo jino moja linavyozidi kuwa na uzito, na ndiyo maana mtu anayeendesha peke yake barabara tambarare na mtu anayebeba mzigo milimani wanaweza kufunga sproketi zilezile na kutoa ushuhuda unaopingana, wote wawili wakisema kweli.

Faida nyingine ya mpangilio huu mwepesi ni klachi. Pikipiki inapoondoka, pleti za klachi husuguana mpaka kasi ya gurudumu ilingane na kasi ya injini, na katika gia ya kwanza ya mfano wetu kila mizunguko 1,000 ni kilomita 4.3 kwa saa kwa 15/42 lakini ni 4.05 kwa 14/42. Ndani ya foleni, au kwenye njia ya matope ambako unatembea polepole kuliko mtu anayekimbia, tofauti hiyo hukuwezesha kuachia klachi mapema na kuiacha injini ifanye kazi yenyewe. Wakati wa kuteremka, injini nayo huizuia pikipiki zaidi ukifunga mafuta, na breki hupumzika.

Gharama yake ni mizunguko. Kwa kilomita 80 kwa saa injini itazunguka mara 450 zaidi kila dakika, na katika safari ya saa tatu hiyo ni mizunguko 81,000 ya ziada, pamoja na kelele yake, mtetemo wake na msuguano wake. Kwa kawaida mafuta pia huliwa zaidi katika mwendo wa kudumu kwenye tambarare. Gia ya kwanza huisha upesi, na anayependa kuvuta mafuta kwa pupa ajue kwamba gurudumu la mbele litakuwa jepesi zaidi kuinuka.

Kuhusu mtetemo, nadhani haupewi uzito unaostahili. Injini ya silinda moja mara nyingi ina eneo la mizunguko ambamo mishikio na vikanyagio hutetemeka kuliko mahali pengine. Kama eneo hilo kwenye pikipiki ya mfano liko kwenye mizunguko 6,000, basi kwa sproketi za kiwandani utalikuta kwenye kilomita 77 kwa saa, kwa 14/42 kwenye kilomita 72, na kwa 16/42 kwenye kilomita 82. Mtu anayesafiri kwa kilomita 70 hadi 75 kila siku anaweza kujikuta amelihamishia tetemeko hilo kwenye kasi yake mwenyewe, na mikono yake ikafa ganzi kwa sababu ya kipuri alichokifunga ili apate raha.

Uwiano uleule kwa njia mbili: 14/42 na 15/45

Jedwali linaonyesha kwamba kupunguza jino moja mbele na kuongeza meno matatu nyuma huleta uwiano uleule wa 3.00. Kwa injini na kwa kasi hakuna tofauti hata kidogo. Tofauti iko kwenye cheni, na hapa ndipo ninapoona uamuzi mwingi ukifanywa kwa haraka, kwa kuwa sproketi ya mbele ni ndogo, nyepesi na rahisi kupatikana, huku ile ya nyuma ikidai kutoa gurudumu na pengine kubadilisha cheni nzima.

Itazame cheni inapoingia kwenye sproketi ya mbele. Kila kiungo kinapolifikia jino la kwanza hulazimika kukunjika, na kinapoachana na jino la mwisho hunyooka tena. Kwenye sproketi yenye meno 15 kila kiungo hukunjika nyuzi 24. Kwenye yenye meno 14 hukunjika nyuzi 25.7, kwenye ile ya nyuma yenye meno 45 ni nyuzi 8 tu. Kukunjika huko chini ya mvutano ndiko kunakosaga pini na bushi ndani ya viungo, na ndiko kunakofanya cheni irefuke. Zaidi ya hayo, torki inayotoka kwenye giaboksi haibadiliki, lakini sproketi ya mbele ikiwa ndogo, cheni hulazimika kuvutwa kwa nguvu kubwa zaidi ili kubeba torki ileile. Kutoka meno 15 kwenda 14 mvutano huo huongezeka kwa takriban asilimia 7. Kwa 15/45 cheni haivutwi zaidi ya ilivyokuwa kiwandani, kwa sababu nguvu ya ziada hupatikana kwenye kipenyo cha sproketi ya nyuma.

Kuna pia mtikisiko mdogo ambao haukwepeki katika cheni yoyote. Sproketi si duara kamili bali ni umbo lenye pembe nyingi, na kwa sababu hiyo kasi ya cheni hupanda na kushuka kidogo kila jino linapopita. Kwa meno 16 mabadiliko hayo ni karibu asilimia 1.9, kwa meno 15 ni 2.2, kwa 14 ni 2.5, na kwa 12 hufika 3.4. Kushuka kutoka 15 kwenda 14 si balaa. Kushuka hadi 12 kwenye pikipiki iliyoundwa kwa 15 ni jambo ambalo sipendekezi kwa chombo cha kazi ya kila siku, kwa sababu cheni huanza kusikika na kuhisiwa miguuni, na sproketi yenyewe huchongoka meno mapema.

Ipo tofauti nyingine inayopita kimyakimya. Cheni hupokezana viungo vya ndani na vya nje, na idadi yake yote ni shufwa. Sproketi yenye idadi ya meno isiyo shufwa, kama 15, hufanya kila jino likutane na kiungo cha ndani katika mzunguko huu na cha nje katika ule unaofuata, kwa hiyo ulikaji husambaa. Sproketi yenye meno 14 hukutanisha jino lilelile na aina ileile ya kiungo siku zote, na ukiikagua baada ya kutumika sana unaweza kuona jino moja limelika tofauti na jirani yake. Tena, kadiri sproketi ya mbele inavyokuwa ndogo ndivyo cheni inavyopita karibu zaidi na mkono unaoshika gurudumu la nyuma, na ile plastiki inayoukinga mkono huo huanza kukwanguliwa. Anayefunga 14 aikague plastiki hiyo kila anapotia cheni mafuta.

Upande wa 15/45 nao una shida zake. Jino moja likiongezwa au kupunguzwa popote hubadilisha urefu unaohitajika wa cheni kwa nusu ya hatua yake (umbali kati ya pini moja na inayofuata), na ekseli ya nyuma husogea kwa takriban robo ya hatua. Cheni ya namba 428 ina hatua ya milimita 12.7, kwa hiyo kupunguza jino moja mbele husogeza ekseli nyuma karibu milimita 3 tu, jambo ambalo virekebisho vya cheni hulimudu bila taabu. Kuongeza meno matatu nyuma huisogeza mbele karibu milimita 9.5. Kwa cheni ya 520, yenye hatua ya milimita 15.875, kila jino ni karibu milimita 4, na meno matatu ni karibu 12. Kama ekseli yako tayari iko karibu na mwisho wa mbele wa nafasi yake, cheni ya zamani haitafika, na itakubidi ununue yenye viungo viwili zaidi. Angalia vilevile kama sproketi pana ya nyuma haitagusa kinga ya cheni.

Uamuzi wangu kati ya hizi mbili ni huu: anayetaka kujaribu tu kama uwiano wa 3.00 unamfaa, au anayetumia pikipiki kwa kazi nyepesi, afunge 14/42 na asijisumbue. Anayebeba mzigo kila siku na tayari anajua kwamba anauhitaji uwiano huo, asubiri cheni yake ichakae, kisha afunge 15/45 pamoja na cheni mpya yenye urefu unaofaa. Sproketi mpya haipaswi kufungwa na cheni iliyokwisha kurefuka, kwa maana cheni hiyo italala vibaya kwenye meno mapya na kuyala kabla ya wakati wake.

Jino moja la ziada mbele: 16/42

Jedwali linasema kilomita 109.2 kwa saa kwa mizunguko 8,000, na namba hiyo ndiyo inayowavutia watu. Tatizo ni kwamba jedwali linajua meno, halijui upepo. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hukua kwa mchemraba wa kasi: ukitaka kutoka kilomita 102.3 kwenda 109.2, ambayo ni nyongeza ya asilimia 6.7 tu, sehemu ya nguvu inayopambana na upepo lazima iongezeke kwa karibu asilimia 21. Sproketi haiwezi kuileta asilimia hiyo. Sproketi haiongezi hata nguvu moja ya farasi. Inachofanya ni kuchagua injini iwe kwenye mizunguko gani unapokuwa kwenye kasi fulani.

Tuseme pikipiki yetu, ikiwa na dereva mmoja aliyekaa wima, inaishiwa nguvu karibu na kilomita 99 kwa saa. Kwa sproketi za kiwandani injini wakati huo huzunguka mara 7,740, karibu kabisa na pale inapotoa nguvu yake ya juu, na hiyo ndiyo alama ya uwiano uliopangwa vizuri. Ukifunga 16/42, kasi hiyohiyo huikuta injini kwenye mizunguko 7,250, ambako nguvu bado haijafika kileleni. Kwa kuwa nguvu iliyopo ni ndogo kuliko ile ya mwanzo na upepo ni uleule, pikipiki haitafika hata hiyo 99. Dereva atagundua jambo la kushangaza, kwamba upepo ukiwa wa mbele au barabara ikiinuka kidogo, gia ya nne inakimbia kuliko ya tano.

Kinyume chake pia ni kweli, na wachache hulifikiria. Kama pikipiki yako katika gia ya mwisho, mafuta yakiwa yamefunguliwa yote kwenye tambarare, inakwama kwenye mizunguko ya chini sana kuliko ile ya nguvu ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu chake, basi uwiano wake ni mzito mno kwake, na jino moja pungufu mbele linaweza kuiongezea kasi ya juu. Lakini kama inagonga kikomo cha mizunguko huku ikionekana bado ina hamu ya kwenda, hapo ndipo 16 mbele inapoleta kasi ya kweli. Hali hiyo ya pili ni nadra kwenye injini ndogo zenye sproketi za kiwandani. Huonekana zaidi kwenye pikipiki ambayo mmiliki wa awali aliipunguzia meno mbele, au kwenye pikipiki kubwa zilizofungwa uwiano mwepesi.

Je, 16/42 haina kazi? Inayo, ila ni kazi ya utulivu. Mtu anayesafiri masafa marefu kwenye tambarare, peke yake, bila mzigo, kwa kilomita 70 au 75 kwa saa, na injini ikiwa na akiba ya kutosha, atapunguza mizunguko kwa asilimia 6.25, kelele itapungua, na huenda mafuta nayo yakapungua. Nasema huenda, kwa sababu injini ikizidiwa, dereva hulazimika kufungua mafuta zaidi ili kushikilia kasi ileile, na akiba yote hupotea hapo. Kuburuta injini kwenye mizunguko ya chini huku mafuta yamefunguliwa kabisa ni mateso kwa beringi za krenki shafti na kwa cheni, na kwenye injini inayopozwa kwa hewa huongeza joto. Ukisikia mapigo mazito yanayoitikisa pikipiki nzima katika gia ya tano, shuka gia moja, hata kama kasi inaonekana kuruhusu. Kabla ya kununua 16, thibitisha pia kwamba ndani ya kifuniko cha sproketi kuna nafasi, kwa maana kwenye baadhi ya injini cheni iliyopanuka kwa jino moja hukwaruza chuma.

Pikipiki kubwa zenye silinda nyingi zinahukumiwa tofauti. Nyingi zina nguvu ya ziada, na gia yao ya mwisho hufika kasi ambayo barabara ya umma hairuhusu. Kwao kupunguza jino mbele hakunyang'anyi chochote ambacho dereva alikuwa akikitumia, na gia ya kwanza inakuwa ya utulivu zaidi mjini. Kuongeza jino kwao pia kunaweza kufanya safari ndefu iwe ya upole, kwa kuwa akiba ya nguvu ipo.

Spidomita inaweza kudanganya

Kabla ya kuamua, tafuta spidomita yako inapata wapi taarifa zake. Kama waya wake unatoka kwenye gurudumu la mbele, au kama sensa iko kwenye gurudumu lolote, kubadilisha sproketi hakuigusi. Kama sensa iko kwenye giaboksi, spidomita inahesabu mizunguko ya sproketi ya mbele na kudhani kwamba uwiano haujabadilika. Kwa uwiano wa 3.00 itasoma zaidi ya ukweli kwa asilimia 7, na kilomita za odomita zitajaa upesi kuliko ulivyotembea. Kwa 16/42 itasoma pungufu: unapoona 80, kasi yako halisi ni karibu 85. Kosa hilo la pili ni la hatari, kwa sababu linakufanya uamini kuwa uko ndani ya kikomo cha barabara ilhali umekwisha kukivuka. Kwenye pikipiki za kisasa zinazokadiria gia iliyowekwa kwa kulinganisha mizunguko na kasi, kionyesha gia nacho kinaweza kuchanganyikiwa.

Tairi nalo ni sehemu ya uwiano huu. Tairi la mita 1.90 likilika milimita 5 za kimo, mzingo wake hupungua karibu milimita 31, sawa na asilimia 1.6, na pikipiki inakuwa nyepesi kidogo bila mtu yeyote kugusa sproketi. Anayefunga tairi nene kuliko la kiwandani anafanya kinyume chake, na mara nyingi ndiye anayelalamika kwamba injini imepoteza nguvu.

Ipi ichaguliwe

Anayepanda milima akiwa na mzigo, anayeishi ndani ya foleni, au anayepita njia mbovu achague 3.00, kwa 14/42 ya majaribio na 15/45 ya kudumu. Anayeendesha mchanganyiko wa mji na barabara kuu, akiwa peke yake mara nyingi, abaki na 15/42. Waliounda pikipiki hiyo waliupima uwiano huo dhidi ya injini hiyohiyo, na mfano wetu umeonyesha jinsi ulivyokaa karibu na kilele cha nguvu. Ile 16/42 nampa msafiri wa tambarare peke yake, tena baada ya kuhakikisha kwamba gia ya tano humvuta bila kusihi.

Wapo watakaoona kwamba 3.00 ni nyingi na 2.80 ni chache, nao wasilazimishwe kuchagua kati ya hizo. Jino moja la mbele ni hatua kubwa ya asilimia 6 hadi 7, lakini jino moja la nyuma ni asilimia 2.4 tu, na hapo ndipo penye uhuru wa kurekebisha kidogokidogo. Sproketi ya nyuma yenye meno 43 huleta 2.87 na mizunguko 6,400 kwa kilomita 80 kwa saa. Yenye meno 44 huleta 2.93 na mizunguko 6,550. Kwa pikipiki inayobeba abiria siku mbili tatu kwa wiki na kwenda peke yake siku zilizobaki, ningeanza na 44 nyuma pamoja na cheni mpya, kisha nikaze ekseli kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, niangalie ulegevu wa cheni dereva akiwa ameketi, na niukague tena baada ya kilomita mia chache za mwanzo, wakati cheni mpya inapomaliza kujinyoosha.